Bomba la Maneno ya Semeni

Usiku wa kuamkia leo niliota bomba la shaba limetoboa ukuta wa chumba changu cha kushonea, likapita juu ya cherehani, likatokea ukuta wa pili. Katikati lilikuwa limekatika.

Sikushangaa. Nilichofanya ni kuondoa gauni la mteja lisije likalowa.

Lilikuwa bomba jembamba, unene wa kidole, lile la shaba nyekundu. Kwenye ncha ya kushoto kulikuwa kunadondoka kitu. Nilidhani maji. Tone moja likaanguka juu ya meza, likasema, "Mwa." Lililofuata likasema, "Nangu." Sauti ilikuwa ya mke wangu, Semeni, ambaye ni marehemu.

"Wewe ni fundi?" bomba likaniuliza.

"Fundi cherehani."

"Fundi ni fundi. Nimekatika toka mwaka juzi na hakuna aliyekuja kuniangalia. Niunge."

Hapa inabidi niseme jambo ambalo si ndoto. Semeni alifia hospitalini hapa hapa Morogoro, mwaka juzi, asubuhi, jua likiwa limeshawaka. Binti yetu Zaituni, mtoto wetu pekee, alikuwa chuoni Dodoma, anafunga begi ili aje. Semeni akaniambia nimpigie. Nikapiga, nikamshikia mama simu sikioni kwa sababu mikono yake ilikuwa haina nguvu. Akasema, "Zai, mwanangu, nisikilize vizuri. Nataka nikwambie kitu." Laini ikakatika. Nikasimama dirishani kutafuta mtandao, nikawa napiga, haiiti, napiga, haiiti. Nilipogeuka, Semeni alikuwa amefumba macho. Nilidhani anapumzika.

Zaituni alifika jioni. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama alitaka kuniambia nini?" Nikamjibu sijui. Hakuniamini. Anadhani mama yake aliniachia maneno na mimi nimeyakalia. Siku hizi tunaishi wote, yeye anafundisha shule ya jirani na mimi nashona. Tunaelewana kwa mambo mengi. Lakini kuna siku, katikati ya chakula, anaweka kijiko chini: "Baba, kweli hukusikia?" Nasema, "Kweli." Halafu anachukua kijiko, tunamaliza kula.

Kwa hiyo bomba liliposema niliunge, sikubishana nalo.

Navuta droo ya vifungo nichukue futi yangu ya kupimia. Ndani ya droo kuna duka. Naingia.

Ni duka la vifaa vya bomba, kubwa kama msikiti wa Ijumaa, na fitingi, vile viungio vya bomba, zimeketi kwenye mabenchi zinasubiri kuitwa kama wagonjwa. Kuna za plastiki, za chuma, za shaba ya njano. Nyingine zinasinzia. Nyuma ya kaunta amekaa mwenye duka, ambaye ni nati. Ni nati kubwa, ina pande sita, imevaa kofia ya kitambaa iliyodariziwa vizuri sana. Naikagua kofia kwa jicho la kazi kabla sijasalimu.

"Karibu, Baba Zaituni," anasema Bwana Nati. "Unaunga nini?"

"Bomba la shaba."

"Kipimo?"

Natoa futi, naichomeka kwenye tundu la bomba, kwani bomba limenifuata hadi dukani. Fitingi zote kwenye mabenchi zinaguna.

"Huko ndani unapima nini?" anauliza Bwana Nati. "Ukimshonea mtu kanzu unampima utumbo?"

"Hapana. Nampima kifua."

"Basi pima nje."

Nikapima nje. Ilikuwa nusu inchi kasoro kitu kidogo mno. Fitingi moja nono ikaruka kutoka kwenye benchi, ikanishika mkono. "Mimi ni nusu inchi," ikasema. "Nichukue mimi. Huyo kasoro utamtafuta hadi lini? Tofauti yetu ni unywele."

Nikamtazama Bwana Nati. Ni kweli, ilikuwa tofauti ya unywele. Kwenye nguo unywele si kitu. Mteja akila vizuri siku ya sikukuu unywele unaisha.

"Bomba hili ni la milimita," akasema Bwana Nati. "Huyo ni wa inchi. Wanafanana, hata mama zao huwachanganya. Utamvisha, utakaza, utaona amekaa. Halafu maneno yatatoka kwenye huo unywele yote, hadi la mwisho."

Fitingi nono ikarudi kwenye benchi ikijifanya inasinzia.

Ikaja ya plastiki, changamfu, nyepesi, inacheka. "Mimi sina makuu," ikasema. "Nabanwa kwa mkono tu. Kinachopita humo ni nini?"

"Maneno," nikajibu.

"Ya baridi au ya moto?"

Sikujua. Nikasema ni ya mama anayeaga, anamwambia bintiye.

Plastiki ikaacha kucheka. "Ah. Hayo siyawezi," ikasema. "Mimi nikipata joto nalegea. Samahani sana, baba, na pole." Ikanipa mkono, ikaenda kukaa.

"Na yamefungiwa humo toka mwaka juzi," Bwana Nati akaongeza, akitikisa kofia. "Yana msukumo mkubwa. Unahitaji shaba kwa shaba." Akapiga makofi. Kutoka benchi la nyuma ikainuka fitingi ya shaba ya njano, ndogo, imenyooka, haina maneno mengi. Ilikuwa na mwili katikati, nati mbili pembeni, na ndani ya kila nati pete nyembamba.

"Hizi pete ndizo kazi yote," akasema Bwana Nati. "Sikiliza zinachosema, maana mimi nimeshachoka kukisema."

Pete moja ikatoa kichwa. Ilikuwa na sauti ndogo, ya upole. "Sisi tunabanwa mara moja," ikasema. "Ukikaza, tunaliuma bomba na bomba linatukubali. Baada ya hapo hatutoki. Fikiria unachotaka kabla hujakaza, siyo baada."

Nikasema nimeelewa. Watu wengi husema hivyo.

Nageuka kutafuta mlango na duka ni wodi.

Ni wodi ile ile. Jua limeingia kwa dirisha lile lile, mapazia yale yale ya kijani ambayo upindo wake umeshonwa vibaya. Vitanda vyote ni vitupu, vimetandikwa. Bomba la shaba limepita ukutani kwenye urefu wa kichwa, na mbele yangu ndipo lilipokatika. Nimeshika fitingi mkono mmoja na spana mkono mwingine.

Nachungulia ncha ya kushoto. Mwisho wa bomba, mbali, mdogo kama punje ya mchele, namwona Semeni. Amekaa kitandani, amejifunga kanga yake ya zambarau, midomo inacheza. Anaongea. Anaongea bila kupumzika, kama alivyokuwa akiongea na Zaituni jikoni milango ikiwa wazi. Maneno yanafika kwenye ncha na kudondoka sakafuni silabi silabi, na siwezi kuyaunganisha. "Ki." "Le." "Usi." Yanakauka kabla sijainama.

Nachungulia ncha ya kulia. Namwona Zaituni kwenye baraza la chuo, begi miguuni, simu sikioni. "Haloo?" anasema. "Mama? Haloo?" Anasubiri kidogo. "Haloo?" Nikaelewa kwamba hakuwa ameondoka pale. Yule anayeishi na mimi, anayepika na kusahihisha madaftari, ni nusu yake tu. Nusu nyingine imekuwa barazani wakati wote huu, inasema haloo.

"Anza," likasema bomba. "Nikate ncha zangu, zimepinda. Na unikate wima. Usinikate kama bega la blauzi."

Nikalikata wima. Ilikuwa vigumu, mkono wangu umezoea kwenda na mviringo. Bomba likavumilia.

"Sasa nipige tupa. Makali yaliyobaki yatakwaruza kila kinachopita."

Nikapiga tupa ndani na nje. Kilichodondoka hakikuwa vumbi la shaba. Ilikuwa ile mikwaruzo ya simu, kwaa, kwaa, kwaa, nikaifagia kwa mguu hadi chini ya kitanda.

Nikachukua pete nikaivisha kwenye bomba.

"Na mimi?" nati ikauliza kwa sauti ya mtu aliyesahauliwa kwenye harusi. "Umemwingiza yeye kwanza, mimi nitapitia wapi?"

Nikaomba radhi. Nikaitoa pete, nikavisha nati kwanza, pete ikafuata. Nikasukuma bomba ndani ya fitingi hadi likagonga mwisho. Upande wa pili nikafanya hivyo hivyo. Nikatazama kazi yangu. Ilikuwa imekaa vizuri, nikiri, na kama Semeni angekuwa karibu ningemwita aje aone.

"Huwezi kukaza bado," likasema bomba.

"Kwa nini?"

"Bado anaongea. Hakuna anayekaza bomba likiwa na msukumo. Funga kwanza."

Nikatafuta koki. Hakukuwa na koki. Nikauliza nifunge vipi.

"Mwambie anyamaze," likasema bomba.

Nikachomoa ncha ya kushoto kidogo, nikaweka mdomo. Nilikuwa na mengi. Yalikuwa yamejaa hadi kwenye meno. Lakini nilikuwa na spana mkononi na kazi mbele yangu, na mtu akiwa katikati ya kazi husema kile tu ambacho kazi inataka. Nikasema, "Mama Zai, nyamaza kidogo."

Akanyamaza. Hakuniuliza kwa nini. Katika maisha yetu yote Semeni hajawahi kunyamaza kwa kuambiwa mara moja, na hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua. Nilirudisha bomba ndani ya fitingi.

Wodi ikawa kimya, ule ukimya ambao niliwahi kuusikia pale pale.

Nikakaza nati kwa mkono hadi ikagoma. Nikaweka alama kwa chaki yangu ya kushonea, kama nati yenyewe ilivyoniagiza. Kisha spana.

"Mzunguko mmoja na robo," likasema bomba. "Si zaidi. Ukizidisha unaniponda."

"Na usinipe hasira zako," ikasema spana. "Wengine wanapofika kwangu wanakumbuka kila aliyewahi kuwaudhi."

Nilikuwa sina hasira. Nikazungusha upande wa kushoto, mzunguko mmoja na robo, pete ikauma bomba, nikasikia kabisa ilivyouma, kama mtu anayekata uzi kwa meno. Nikahamia upande wa kulia. Mzunguko mmoja ukaisha. Ikabaki robo.

Ndipo pete ya kulia ikaniita kwa sauti ya chini ili nati isisikie.

"Mzee Mwinshehe," ikasema. Hilo ndilo jina langu. "Ukiishia hapo, nitavuja."

"Najua. Ndiyo maana nakaza."

"Nitavuja kidogo tu. Ukiweka sikio, utasikia. Hutasikia yote, ila utasikia sauti yake, na mawili matatu anayosema. Labda anakutaja. Ukimaliza hiyo robo, hapa haitoki hata herufi."

"Na Zaituni?"

"Atapata yatakayobaki."

Nilisimama na ile spana. Sitaki kujisifu kwamba niliamua haraka. Nilifikiria sauti ya Semeni kwa muda mrefu. Nilifikiria kwamba mimi ndiye niliyeshika ile simu, na kwamba nimeulizwa mezani mara nyingi kuhusu kitu nisichokijua, na kwamba labda nilistahili herufi moja moja. Nikainama kuchungulia upande wa Zaituni, nikakumbuka haiwezekani tena, nimeshaunga. Lakini kupitia shaba nikamsikia, mbali sana.

"Haloo? Mama?"

Nikamaliza robo.

"Haya," likasema bomba. "Mruhusu."

Nikagonga bomba kwa spana, pole pole. Mara moja bomba likatetemeka na kuwa na joto, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mkono wa mtu mwenye homa. Semeni alikuwa anaongea.

Akaja nesi amebeba beseni la povu. Ninaposema nesi, ilikuwa sare ya nesi tupu, nyeupe, imepigwa pasi, hamna mtu ndani. "Pakaa povu kwenye viungo," sare ikasema. "Pakivuja utaona viputo." Ilikuwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, najua harufu yake.

Nikapakaa kushoto. Hakuna kiputo. Nikapakaa kulia. Nikatazama kwa karibu kabisa, pua imegusa. Hakuna kiputo.

Halafu nikaweka sikio. Sare ya nesi ikageuka kutazama dirishani, nadhani kwa heshima. Nilikandamiza sikio kwenye kiungio, ndani ya povu, nikazuia pumzi. Niliomba niwe fundi mbaya. Nilikuwa nimeunga bomba mara moja tu maishani, tena ndotoni, na nilitumaini kabisa kwamba nimekosea mahali.

Nilisikia shaba inatetemeka. Basi. Maneno yalipita sikioni kwangu, yamebakiza unene wa ganda la yai kunifikia, mengi, marefu, ya moto. Upande wa pili nilihisi Zaituni ameacha kusema haloo. Kuna mahali akacheka. Cheko nililisikia, kwa sababu lilikuwa nje ya bomba. Kisha akakaa chini kwenye ngazi za baraza, nadhani alikaa, kuna sauti ya begi kuegemewa. Akalia. Kisha akacheka tena akiwa bado analia, kama mama yake.

Mwisho joto likapungua. Bomba likapoa kutoka kushoto, taratibu, kama pasi iliyozimwa.

"Amemaliza," likasema bomba.

"Kazi safi," ikasema nati.

Ndipo nilipokumbuka.

"Ngojeni," nikasema. "Mimi bado sijasema langu."

Nikaonyesha ncha ya kushoto kwa spana.

"Nilikuwa na mdomo kwenye bomba," nikasema. "Pale, kabla sijakaza. Alikuwa ananisikia. Nilimwambia anyamaze tu. Sikumwambia kitu kingine chochote."

"Ndiyo," likasema bomba. "Tulisikia."

Nikashika spana nikafungua nati ya kushoto. Nati ilitoka vizuri, bila kinyongo. Pete haikutoka. Nilivuta, nikapindua, nikaibembeleza. Ilikuwa imelala kwenye shaba kama imezaliwa nayo.

"Tafadhali," nikaiambia.

"Nilikwambia ufikirie kabla," ikasema pete. Haikuwa na ukali. Ilisema kama mtu anayekurudishia chenji sahihi. "Unaweza kunikata pamoja na kipande cha bomba. Lakini bomba litakuwa fupi. Halitafika tena kwa Zaituni."

Nilirudisha nati mahali pake. Nikaikaza, kwa sababu kazi ya mtu haiachwi imelegea. Kisha nikaweka mdomo juu ya shaba iliyofungwa, nikasema yale niliyokuwa nayo. Nilisema yote. Yalikwenda kwenye povu, povu likatulia. Sare ya nesi ikanishika bega kwa mkono usio na mkono ndani, ikasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikuwa nimelala ubavu, na kwa muda sikutaka kujua niko wapi. Mlango ukagongwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pita."

Zaituni akaingia bado hajavaa nguo za shule. Kawaida huishia mlangoni, anauliza chai ya rangi au ya maziwa, anaondoka. Leo alikuja akakaa kitandani upande wa miguu. Macho yalikuwa yamevimba, lakini uso ulikuwa umelegea, kama uso wa mtu aliyelala vizuri baada ya safari ndefu.

"Baba," akasema, "wewe hukusikia."

Hakuwa anauliza. Niliinuka nikakaa.

"Sikusikia," nikasema.

"Najua. Nimeamka nikiwa najua. Nimekuonea siku zote hizi, baba. Nisamehe."

"Hujanikosea kitu."

"Nisamehe tu."

Nikasema nimemsamehe, kwa sababu alihitaji nilitamke. Nilitaka kumuuliza. Swali lilikuwa tayari mdomoni, fupi, maneno matatu: mama alisema nini. Nilitazama mikono yake imetulia mapajani na sikuliuliza. Sijui kwa nini. Nadhani niliona kwamba angenijibu, na kwamba yakitoka kwake yatakuwa yake, yamepoa, na mimi ningebaki natafuta sauti ya Semeni ndani yake.

Akaniangalia, akakunja uso.

"Ulilala na nini? Una povu sikioni."

Nikapeleka mkono. Lilikuwa povu kweli, jeupe, limejaa sikio la kulia hadi kwenye ndevu za shavuni. Nikanusa kidole. Sabuni ya mche. Nyumbani kwetu tunafulia ya unga.

"Nikuletee kitambaa?"

"Lete."

Akatoka. Nilibaki nimeinamisha kichwa, sikio juu, nikasubiri. Viputo vilipasuka kimoja kimoja, karibu kabisa na ngoma ya sikio, na kila kimoja nilikisikiliza hadi mwisho, isije ikawa kuna kilichobaki ndani. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimekaza vizuri.